Bariadi Mjini yapata jimbo lake: Mbunge ana kazi gani, na mwamini ana wajibu gani?



Wapendwa waamini, neno "jimbo" katika lugha yetu lina maana mbili. Mkatoliki wa Bariadi akilisikia, kwanza hukumbuka Jimbo Katoliki, yaani Askofu wake, mapadre, watawa na parokia. Hilo ni jimbo lililozaliwa mwaka 1950 likiitwa Vikarieti ya Kitume ya Maswa, likawa Jimbo la Maswa mwaka 1953, na tangu mwaka 1956 linajulikana kwa jina la Shinyanga. Lakini mwamini huyo huyo ni raia, na kama raia anaishi pia ndani ya jimbo la uchaguzi, ambalo humtuma Mbunge mmoja kwenda Dodoma kusema kwa niaba ya watu wake.

Mwaka 2025 jimbo hilo la pili lilibadilika. Mwezi Mei 2025 Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi ilitangaza majimbo mapya manane, na mojawapo ni Bariadi Mjini. Tarehe 29 Oktoba 2025 ilipangwa kuwa siku ya wakazi wa mji huu kumchagua kwa mara ya kwanza Mbunge wa kuuwakilisha mji peke yake.

Makala haya hayamtaji mgombea yeyote wala hayapendekezi chama. Yanakusudia kueleza kazi ambayo Katiba imempa Mbunge, namna kazi hiyo inavyogusa maisha ya mji kama Bariadi, na wajibu ambao imani yetu inatuwekea kabla na baada ya kupiga kura. Jambo hili si dogo, kwa maana desturi tutakayoianza na Mbunge wa kwanza wa mji ndiyo itakayorithiwa na wale watakaomfuata.

Mji ulikua, jimbo likagawanywa

Mkoa wa Simiyu ulianzishwa rasmi mwaka 2012, ukiundwa na maeneo yaliyotoka Mkoa wa Shinyanga pamoja na Busega iliyotoka upande wa Mwanza. Leo una wilaya tano: Bariadi, Busega, Itilima, Maswa na Meatu. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 1,584,157 katika mkoa mzima, na Sensa ya mwaka 2022 ikahesabu 2,140,497. Hilo ni ongezeko la zaidi ya watu nusu milioni katika miaka kumi.

Bariadi, ikiwa makao makuu ya mkoa, ilipokea sehemu yake ya mabadiliko hayo. Zilikuja ofisi za Serikali na watumishi wake, wakaja wafanyabiashara, wakaja vijana kutoka vijijini wakitafuta kazi ambayo shamba la pamba halikuweza kuwapa. Viwanja vya Nyakabindi vikapokea Maonesho ya Kitaifa ya Nane Nane mwaka 2018, 2019 na 2020. Watu wakaongezeka Somanda, Sima na Malambo, na pamoja nao yakaongezeka mahitaji ya maji, mitaro, madarasa na viwanja vilivyopimwa.

Kabla ya mabadiliko ya mwaka 2025, Jimbo la Bariadi lilibeba halmashauri mbili, ya Mji na ya Wilaya. Mbunge mmoja alipaswa kufuatilia bajeti mbili na kumsemea mkulima wa kijijini pamoja na mama lishe wa stendi. Ibara ya 75 ya Katiba inaitaka Tume kuchunguza upya mipaka ya majimbo mara kwa mara, angalau kila baada ya miaka kumi, ikizingatia idadi ya watu na hali ya kijiografia. Katika uchunguzi wa mwaka 2025 idadi ya majimbo nchini iliongezeka kutoka 264 hadi 272, na Bariadi ikagawanywa kuwa Bariadi Mjini na Bariadi Vijijini.

Katiba inampa Mbunge kazi gani?

Tukiulizana barazani Mbunge anafanya kazi gani, majibu mengi yatakuwa haya: anajenga barabara, analeta maji, anachangia misiba, anasaidia vijana. Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977 inajibu kwa namna nyingine. Ibara ya 63 inalipa Bunge madaraka ya kuisimamia na kuishauri Serikali kwa niaba ya wananchi. Kisha inaorodhesha njia za kufanya hivyo: kumuuliza Waziri yeyote swali lolote kuhusu mambo ya umma, kujadili utendaji wa kila Wizara wakati wa mkutano wa bajeti, kujadili na kuidhinisha mipango ya maendeleo, kutunga sheria, na kuridhia mikataba inayohitaji kuridhiwa.

Katika orodha hiyo hakuna mahali panaposema kwamba Mbunge atajenga. Anayejenga ni Serikali, kwa fedha za walipa kodi. Tena ibara ya 99 inaweka mpaka ulio wazi: Mbunge hawezi kwa utashi wake kupeleka bungeni muswada wa kuongeza matumizi ya fedha za Serikali au kubadili kodi, isipokuwa jambo hilo limependekezwa na Rais kupitia kwa Waziri. Kwa hiyo mgombea anayeahidi jukwaani kwamba yeye mwenyewe atamwaga lami mtaa kwa mtaa, anaahidi kitu ambacho Katiba haijamkabidhi.

Je, hii ina maana kwamba Mbunge hana nguvu? La hasha. Nguvu yake ipo katika mambo matatu.

La kwanza ni sauti. Bunge linapoketi, asubuhi hutengwa kipindi cha maswali. Mbunge huuliza, Waziri au Naibu wake hujibu, na baada ya jibu huruhusiwa maswali ya nyongeza. Jibu hilo huandikwa katika Taarifa Rasmi za Bunge, na ahadi iliyoandikwa humo inaweza kuulizwa tena mwaka unaofuata. Ibara ya 100 inamlinda Mbunge ili asishtakiwe mahakamani kwa sababu ya maneno aliyoyasema bungeni. Kinga hiyo haikutolewa kwa ajili ya heshima yake binafsi. Ilitolewa ili mwananchi asiye na sauti apate mtu wa kumsemea bila hofu.

La pili ni idhini ya fedha. Mwaka wa fedha wa Serikali huanza tarehe 1 Julai. Kati ya Aprili na Juni wabunge hupitia makadirio ya kila Wizara, na hakuna shilingi inayotumika kihalali bila idhini yao. Mbunge mwenye bidii huanza kazi hii mapema, wakati mipango ingali katika halmashauri, kwa sababu jambo ambalo halikuingia kwenye makadirio ni vigumu kuliingiza siku ya kupitisha bajeti.

La tatu ni ukaguzi. Kila mwaka taarifa ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali huwasilishwa bungeni. Kamati za kudumu, hasa ile ya Hesabu za Serikali na ile ya Hesabu za Serikali za Mitaa, huwaita watendaji na kuwahoji juu ya hoja zilizoibuliwa.

Kazi hii ya kamati ndiyo isiyoonekana kabisa na mpiga kura, ingawa Bariadi imewahi kuwatoa watu walioifanya katika ngazi ya juu. John Cheyo wa chama cha UDP, aliyekuwa Mbunge wa Bariadi Mashariki, aliwahi kuiongoza Kamati ya Hesabu za Serikali. Andrew Chenge wa CCM, aliyekuwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali kabla ya kuingia bungeni mwaka 2005 kwa Jimbo la Bariadi Magharibi, aliwahi kuongoza vikao vya Bunge akiwa Mwenyekiti wa Bunge. Kila mwananchi ana maoni yake juu ya viongozi hao. Hata hivyo ni wachache miongoni mwetu wanaoweza kueleza walifanya nini katika viti hivyo, kwa sababu tulizoea kuangalia mambo mengine.

Mbunge wa mji na shida za mji

Katika mji, shida nyingi za kila siku zina mwenyewe wa kwanza kabla ya kumfikia Mbunge. Taka zisizozolewa, meza za soko, stendi, upimaji wa viwanja, shule za msingi na zahanati ni kazi za Halmashauri ya Mji. Barabara za mitaa ziko chini ya TARURA, na barabara kuu zinazotuunganisha na Maswa upande mmoja na Lamadi upande mwingine ziko chini ya TANROADS. Umeme ni wa TANESCO. Maji ya mjini ni ya mamlaka ya maji. Mwananchi asiyejua mgawanyo huu hupeleka kila shida kwa Mbunge, na Mbunge asiye mkweli huzipokea zote huku akijua kwamba nyingi hazitafika popote.

Pamoja na hayo, Mbunge wa jimbo ana kiti katika Baraza la Madiwani la halmashauri yake. Hapo ndipo Dodoma na mtaa hukutana. Akiwa diwani pamoja na madiwani wenzake, anashiriki kupitisha bajeti ya halmashauri na kuhoji mapato ya ndani, yaani ushuru wa soko, leseni na vyanzo vingine vinavyokusanywa mjini. Sheria inaitaka halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato hayo kwa ajili ya mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa vikundi vya wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Kijana wa bodaboda anayemwomba Mbunge pikipiki anaweza kuwa na haki ya kukopeshwa na halmashauri yake pamoja na wenzake wa kikundi. Kazi ya Mbunge ni kuhakikisha fedha hiyo imetengwa kweli, imetolewa kwa vikundi halisi, na imerejeshwa ili wengine nao wakopeshwe. Pikipiki moja ya zawadi humsaidia kijana mmoja na kumfunga shukrani kwa mtu. Mfuko unaosimamiwa vizuri husaidia wengi, na hakuna anayelazimika kumpigia mtu magoti.

Upo pia Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2009. Mbunge ni mwenyekiti wa kamati yake, lakini fedha hizo ni za umma, hupitia halmashauri na hukaguliwa kama fedha nyingine za umma. Zinalenga kuunga mkono miradi iliyoibuliwa na wananchi wenyewe, kama vile kumalizia darasa au zahanati iliyofikia boma. Inapotokea mabati ya mfuko huu yakakabidhiwa kwa shangwe kana kwamba yametoka mfukoni mwa Mbunge, wananchi wanashukuru kwa kupewa kilicho chao.

Mfano ulio mkubwa zaidi ni maji. Mwaka 2017 Mfuko wa Kijani wa Tabianchi, ulioundwa chini ya Umoja wa Mataifa, uliidhinisha zaidi ya euro milioni 100 kwa ajili ya programu ya Simiyu ya kukabiliana na ukame, ikishirikisha pia Serikali yetu na Ujerumani kupitia benki ya KfW. Kiini chake ni kuyachukua maji ya Ziwa Viktoria upande wa Busega na kuyafikisha, kwa awamu, katika miji na vijiji vya mkoa. Hadi mwaka 2025 ilikuwa imepita miaka minane tangu idhini hiyo. Watoto waliozaliwa mwaka ule leo wanabeba ndoo.

Hakuna Mbunge anayeweza kuulipia mradi wa namna hiyo kwa fedha zake. Anachoweza ni kuuliza, na kuuliza tena: bomba limefika wapi, mkandarasi amelipwa kiasi gani, mtandao wa kusambaza maji mitaani umetengewa fedha ya mwaka gani, na kaya maskini itaunganishiwa kwa gharama gani. Mbunge anayeuliza hivyo kwa miaka mitano huenda asipigwe picha hata moja akikabidhi kitu. Hata hivyo atakuwa amewatumikia akina mama wengi kuliko aliyegawa ndoo mia moja siku ya kampeni.

Mazoea yanayotuumiza

Wapendwa, hapa tuzungumze kwa unyofu. Mwaka 2000 sheria yetu ya uchaguzi ilirekebishwa ikaruhusu kile kilichoitwa "takrima", yaani ukarimu wa mgombea kwa wapiga kura. Watetezi wa haki za binadamu walikwenda mahakamani, na mwaka 2006 Mahakama Kuu ikatamka kwamba vifungu hivyo vinakwenda kinyume na Katiba. Hoja ilikuwa nyepesi kueleweka: ukarimu huo ulifungua mlango wa rushwa, na ulimbagua mgombea asiye na fedha. Baadaye ikaja Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya mwaka 2010. Takrima ilifutwa katika vitabu vya sheria, lakini haikufutwa mioyoni.

Bado tunampima kiongozi kwa msiba alioufikia na bahasha aliyoiacha. Mjini ambako misiba ni mingi na watu wako karibu karibu, mzigo huu hauna mwisho. Tujiulize: mtu anayetarajiwa kuchangia kila jeneza, kila harusi, kila timu ya mpira na kila mtihani wa shule, fedha hiyo anaitoa wapi? Kama ni mwaminifu, ataishiwa na atachukiwa. Kama si mwaminifu, atairudisha kwa njia ambazo sisi hatutaziona, nasi ndio tutakaozilipia kwa mitaro isiyojengwa na dawa zisizofika zahanati.

Tena tusiwanyoshee wanasiasa kidole kabla ya kujitazama wenyewe. Parokia na vigango vyetu navyo vina sehemu katika mazoea haya. Tunapojenga kanisa, jina la kwanza kuandikwa kwenye orodha ya wageni wa harambee huwa la Mheshimiwa. Tunamweka mbele, tunampa kipaza sauti, na mwishoni kiasi alichotoa kinasomwa kwa nderemo, wakati senti mbili za mjane zimepita kimya. Mwanasiasa ni mwamini kama wengine na ana haki ya kutoa zaka na sadaka. Lakini tunapomtarajia atoe kwa sababu ya cheo chake, tunamfundisha kwamba heshima hununuliwa, na tunajinyima ujasiri wa kumuuliza maswali kesho yake. Ni vigumu kumhoji mtu juu ya fedha za umma huku tumekaa chini ya mabati yake.

Kwa kusema hivi hatumdharau mjane aliyekwenda nyumbani kwa Mbunge kwa sababu hana sanda. Shida yake ni ya kweli, na anayemhukumu hajawahi kukosa. Swali letu ni kwa nini alilazimika kufika huko. Jumuiya Ndogo Ndogo yake ilikuwa wapi? Majirani na mfuko wa kufa na kuzikana walikuwa wapi? Mafundisho Jamii ya Kanisa yana kanuni inayoitwa kanuni auni: jambo linaloweza kufanywa vema na familia, jumuiya au chama cha karibu lisinyang'anywe na mamlaka ya juu, na mamlaka ya juu isaidie pale ambapo walio chini wameshindwa kweli. Kumzika jirani ni kazi yetu sisi majirani. Kuhoji bajeti ya Wizara ya Maji ni kazi ambayo sisi majirani hatuwezi, ndiyo maana tunamtuma Mbunge. Tukibadilishana kazi hizi, zote mbili zinaharibika.

Mama Kanisa anafundisha nini?

Kanisa halina chama. Kanuni ya 285 ya Sheria za Kanisa inawakataza makleri kushika vyeo vya umma vyenye mamlaka ya kiserikali, na kwa sababu hiyo padre hawezi kuwa mgombea wala mpiga debe. Lakini kutokuwa na chama si kukosa neno la kusema. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Hati ya Furaha na Matumaini, namba 75, unawasifu wale wanaojitoa kulitumikia taifa, na unauita utumishi huo kazi ngumu na yenye heshima kubwa. Hati hiyo hiyo inawaonya raia wasiipe Serikali madaraka ya kupita kiasi, wala wasiidai misaada isiyo na kipimo kwa faida zao binafsi, wakidhoofisha wajibu wa watu, familia na vikundi vya kijamii. Maneno hayo ya mwaka 1965 yanaihusu hali yetu ya leo.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2240, inafundisha kwamba kulipa kodi, kutumia haki ya kupiga kura na kuilinda nchi ni wajibu wa kimaadili. Naye Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili, katika Wosia wa Kitume wa Waamini Walei wa mwaka 1988, namba 42, aliwakumbusha walei kwamba hawaruhusiwi kujitenga na maisha ya siasa kwa kisingizio kwamba siasa ni mchezo mchafu.

Papa Fransisko, katika Waraka wa Fratelli Tutti wa mwaka 2020, namba 186, ametupa mfano unaofaa kushikwa na kila mpiga kura. Mtu akimsaidia mzee kuvuka mto, ametenda tendo jema la upendo. Mwanasiasa, kwa upande wake, humjengea mzee huyo daraja, na hilo nalo ni tendo la upendo. Sisi wa Simiyu tunaijua mito yetu, jinsi inavyokuwa mchanga mtupu wakati wa kiangazi na jinsi inavyofurika mvua zikinyesha. Mbunge anayetubeba mgongoni siku moja kila miaka mitano ametuacha upande ule ule wa mto.

Maandiko Matakatifu nayo yanatupa vigezo. Katika kitabu cha Kutoka, sura ya 18, Musa alikuwa akiamua mashauri ya watu wote peke yake tangu asubuhi hadi jioni, hata mkwewe Yethro akamwambia kwamba atajichosha yeye na watu wake. Akamshauri achague wasaidizi wenye sifa nne: wenye uwezo, wamchao Mungu, wakweli, na wanaochukia faida ya udhalimu. Yethro hakusema wachaguliwe wenye mali, wala wa ukoo fulani.

Na hapa nyumbani tuna kielelezo cha mwana wa Kanisa, Mtumishi wa Mungu Julius Kambarage Nyerere. Mwaka 1957 aliteuliwa kuwa mjumbe wa Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika, kiti ambacho wengi wangekishikilia kwa mikono miwili. Alipoona mapendekezo yake hayasikilizwi, alijiuzulu kabla ya mwaka huo kwisha, kwa kuwa kubaki kwenye kiti bila matunda kungekuwa kuwadanganya watu wake. Alijua kwamba kiti ni cha wale waliomtuma.

Mambo ya kufanya

Kabla ya kura, Jumuiya Ndogo Ndogo zitenge kipindi kimoja cha mazungumzo, bila kumshabikia mtu, kujiuliza: ni shida gani tatu za mtaa wetu zinazohitaji sauti bungeni, na ni zipi za kupelekwa kwa mwenyekiti wa mtaa au diwani? Wagombea wanapokuja mtaani, waulizwe maswali ya kazi yao. Utakaa katika Baraza la Madiwani au utatuma salamu? Utarudi lini kutueleza uliyoyauliza? Utatusomeaje matumizi ya Mfuko wa Jimbo? Anayejibu kwa kugawa fulana na khanga hajajibu. Anayetoa fedha ili apigiwe kura anatenda kosa la jinai, na anayeipokea anashiriki dhambi hiyo hata kama anakusudia kumpigia mwingine.

Siku ya kura, twende kwa amani, tupige kura kwa dhamiri hai, turudi nyumbani kwa amani. Jirani aliyechagua tofauti ni ndugu tutakayekutana naye kwenye Meza ya Bwana Dominika inayofuata.

Baada ya kura ndipo kazi kubwa inapoanza, na ndipo wengi wetu tunapolala. Halmashauri Walei kwa kushirikiana na Kamati ya Haki na Amani ya parokia inaweza kumwalika Mbunge, pamoja na diwani, mara moja au mbili kwa mwaka. Mwaliko huo usiwe wa harambee. Aje bila bahasha, aeleze aliyoyauliza Dodoma na majibu aliyopewa, kisha asikilize. Vijana wetu wenye simu janja wanaweza kusoma taarifa za mijadala ya Bunge zinazowekwa kwenye tovuti ya Bunge, na kuwasomea wazee wao walichosema wawakilishi wao. Mikutano ya mtaa, ambapo mapato na matumizi yanapaswa kusomwa, isiachiwe watu kumi. Na kwenye harambee zetu, tuanze desturi ya kutangaza jumla ya kilichopatikana bila kusoma nani ametoa nini.

Tukumbuke pia kumwombea Mbunge, awe ni yule tuliyemchagua au la. Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili alimtangaza Mtakatifu Thomas More kuwa msimamizi wa viongozi wa serikali na wanasiasa tarehe 31 Oktoba 2000. Huyu alikuwa Spika wa Bunge la Uingereza na Kansela wa nchi, akakubali kuuawa mwaka 1535 kuliko kuisaliti dhamiri yake. Tumwombee Mbunge wetu wa kwanza wa mji ujasiri wa namna hiyo. Nasi tuombe neema ya kutomdai kile kitakachomlazimisha kuupoteza ujasiri huo.

Mwenyezi Mungu aubariki mji wa Bariadi, Mkoa wa Simiyu na nchi yetu Tanzania.